Mifupa ya Semeni

Hebu niambie, rafiki yangu, umewahi kuingia dukani na hela yako halali, ukaonyesha kwa kidole kitu unachokitaka, na muuzaji akakataa kukuuzia? Mimi yamenikuta majuzi hapa Biharamulo mjini, kwenye duka la dawa za mifugo, na mpaka leo moyo wangu haujatulia.

Nina mbwa jike nyumbani, mimba yake imeshakuwa kubwa, tumbo linakaribia kugusa chini. Nilikuwa nimefuata dawa ya kupe. Nikaona kwenye rafu kopo lenye picha ya mbwa anayenyonyesha, nikauliza ni kitu gani. Dada muuzaji, binti wa moja ya zile familia za Kiislamu zilizokuja zamani kutoka pwani kufanya biashara, akaniambia ni unga wa madini ya mifupa, wa mbwa mwenye maziwa. Loo! Unga wa mifupa kwenye kopo! Nikamwambia sisi utotoni tulikuwa tunautengeneza wenyewe jikoni kwa bibi. Akacheka, nami nikacheka, nikasema nipe moja.

"Mbwa wako ameshazaa?" akaniuliza.

Nikamwambia bado. Akalirudisha kopo kwenye rafu.

Sababu aliyonipa ilinifanya nishike kaunta kwa mikono miwili. Lakini huwezi kuielewa mpaka nikurudishe kwanza Nyakisasa, wilaya ya Ngara, kwenye jiko la bibi yangu.

Tuliishi watatu pale: bibi, mama mdogo aliyekuwa anasoma sekondari, na mimi niliyekuwa bado shule ya msingi. Wa nne, kama unakubali kumhesabu, alikuwa Semeni, mbwa jike wa rangi ya udongo. Jina hilo bibi alimpa kwa ajili ya watu waliokuwa wanamsengenya kwamba nyumba haina mwanaume. Basi kila jioni alikuwa anasimama uani na kuita kwa sauti kubwa, "Semeniii! Semeniii!" na waliokusudiwa walikuwa wanasikia. Usimchukulie Semeni kama pambo. Shamba letu la mahindi lilipakana na pori, na nyani wa kule hawana haya hata kidogo. Wanamwona mtoto na fimbo yake wanaendelea kula. Semeni ndiye aliyewakimbiza, kwa hiyo sisi tulikula kwa sababu yake, na bibi hakulisahau hilo.

Semeni alipopata mimba, bibi alinituma kwa jirani. Mume wa jirani huyo alikuwa anachinja mbuzi siku za gulio, na mifupa ilikuwa haikosekani kwao. "Kamwambie nyumbani kuna mjamzito," bibi alisema, "anisaidie mifupa." Nami, mtoto mtiifu, nikaenda, nikaamkia shikamoo, nikausema ujumbe kama ulivyo: nyumbani kuna mjamzito.

Jirani aliacha mwiko ndani ya sufuria. Bibi mzee, mimi mtoto, amebaki nani? Akajifunga kanga kiunoni akashika njia mbio, analia kabisa, "Masikini mtoto wa watu, na shule yenyewe!" Alimkuta mama mdogo anafua sare, akamkumbatia na kumshika tumbo. Mama mdogo akapiga yowe. Bibi akatoka jikoni na kumwonyesha mjamzito mwenyewe, amelala kwenye majivu ya joto anajilamba. Jirani alikaa chini palepale kwenye vumbi, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Sijawahi tena kuona watu wazima wawili wakicheka namna ile.

Kuanzia hapo mimba ya Semeni ikawa yao wote wawili. Kila baada ya gulio jirani alikuwa anafika na mifupa kwenye majani ya mgomba, anaita kutoka mbali, "Mjamzito ameamkaje?" Bibi aliichoma mifupa mpaka ikawa myeupe, mimi naitwanga kwenye kinu, ilikuwa inapasuka kwa mlio mkavu na vumbi lake linaingia puani. Unga ule tuliumwaga kwenye uji wa mtama wenye dagaa, bila kipimo, kwa mkono wa mapenzi. Bibi alikuwa hatofautishi l na r, na msemo wake naukumbuka kama alivyousema: "Mwenye mimba anakura kwa ajiri ya wengi." Mama mdogo alinung'unika kwamba mbwa anakula vizuri kuliko wanafunzi. Alisema kweli, maana harufu ya uji ule, moshi na dagaa, ilikuwa inatutia njaa hata tukiwa tumeshiba.

Semeni akazaa watoto wengi, wamejaa kikapu. Hapo ndipo bibi alipobadilisha chakula. Aliyezaa, kwa desturi ya bibi, haitwi tena mjamzito, anaitwa mzazi, na mzazi hapewi kitu kigumu wala kizito, kwa sababu tumbo lake lina kidonda. Anapewa uji mwepesi tu mpaka watoto wachangamke. Hivyo ndivyo wazee wake walivyomlea yeye alipojifungua, naye akamlea Semeni hivyohivyo. Kinu kikafunikwa. Watoto wakanyonya usiku na mchana, wakanenepa kama viazi, huku mama yao mbavu zinaonekana.

Siku msiba ulipotupata, jirani alikuja asubuhi na mifupa. Akasema mzazi sasa amepona, arudishiwe nguvu. Tukachoma, nikatwanga, Semeni akaanza kunywa. Hakumaliza. Alianza kuhema ulimi nje, miguu ikamkakamaa, akaanguka upande mmoja anatetemeka mwili mzima, macho yamemtoka. Mtu akapiga kelele barabarani, "Kichaa! Mbwa ana kichaa!" na wanaume wakaingia uani na marungu. Bibi alimfunika Semeni kwa kanga yake, akamlalia juu, akawaambia wampige yeye kwanza. Wakasimama. Jua lilipofika utosini, Semeni akakata roho chini ya kanga ile, na watoto wake bado walikuwa wanatafuta ziwa.

Bibi akainuka. Hakulia. Alimtazama jirani, rafiki yake wa miaka yote, akasema, "Mifupa hii uliitia nini?"

Hayo tu. Jirani aliokota majani yake ya mgomba akaondoka, na hakukanyaga tena uani kwetu. Msimu ule nyani walivuna mahindi yetu kabla yetu. Watoto wa Semeni tuliwanywesha maziwa ya mbuzi, wengine wakaishi. Lakini bibi na jirani waliishi kwa miaka mingi wakiwa wanapishana kisimani kama hawajuani, na bibi alipofariki, jirani alisimama barabarani mpaka jeneza likapita.

Sasa rudi nami dukani. Dada yule, huku anapanga makopo yake, alisema hivi: "Ukimjaza madini ya mifupa wakati wa mimba, mwili unazoea kuletewa. Akizaa, maziwa yanataka mengi ghafla, na mwili umeshasahau kujichotea kwenye mifupa yake wenyewe. Anatetemeka, anakakamaa, na usipowahi daktari wa mifugo, anakufa. Kwa sasa mpe chakula cha kushiba tu, dagaa, maini kidogo, na uongeze mimba ikikaribia mwisho. Akizaa ndiyo umlishe sana, mara nyingi kwa siku, na kopo hili daktari ndiye akuambie kipimo." Akanitazama. "Mimi mbwa simgusi, lakini dawa yake naijua. Mbona umebadilika rangi?"

Hapakuwa na sumu. Hapakuwa na mchawi. Tulimlisha mifupa alipokuwa haihitaji, tukamnyima alipoihitaji, na asubuhi ile jirani alikuwa ameleta, kwa kuchelewa, kitu chenyewe ambacho mwili wake ulikuwa unakililia. Nikawaza jambo moja tu: jirani yu hai, na lazima asafishwe jina.

Nilienda Nyakisasa. Njia ya mkato kati ya nyumba zile mbili, ile aliyokimbia akimlilia mama mdogo, haipo. Pameota mihogo, na nyumba ya bibi imebaki msingi. Hakuna anayeita jina lolote jioni. Nilimkuta jirani kwenye mkeka anachambua maharage, mdogo wa mwili kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe mnatukumbuka!"

Nikamweleza yote kwa furaha, rafiki yangu, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyebeba msamaha mkononi. Nikamweleza kopo, maziwa, mwili kujichotea. Hakuna sumu, bibi, ilikuwa ni mifupa tu, mifupa mingi kabla ya wakati wake. Mikono yake ikaacha kuchambua.

"Mifupa," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Mifupa yangu."

Njia nzima kutoka Biharamulo sikuwa nimeliona hilo.

"Lisemwalo lipo," akasema polepole. "Miaka yote nilikuwa namwambia Mungu kwamba rafiki yangu amenionea. Kumbe alisema kweli, na mimi sikumzika." Nilijaribu kumwambia kwamba alitoa kwa upendo, na kwamba sisi ndio tuliopika. Alikuwa ananitazama kwa adabu tu, kama mtu anayesubiri mvua iishe.

Nilipoaga akaniuliza kama nami nafuga. Nikamwambia ninaye mmoja, mjamzito. Neno hilo likamgusa mdomo, nikadhani atacheka. Aliingia ndani akakawia, kwa sababu kwao mgeni haondoki mikono mitupu, akatoka na maharage kwenye mfuko akayafunga vizuri.

"Haya ule wewe," akasema. "Mbwa usimpe kitu chochote kilichotoka kwangu."