Mikono ya Mama Mukabera

Mama yangu, Mukabera wa Kasenga, hakuwahi kumwacha mgeni aondoke mlangoni peke yake. Mwaka 1964 walilala kwetu wanafunzi wanne wa ualimu kutoka Kigoma, waliovuka ziwa kuja kujitolea kutujengea darasa. Asubuhi walipanga matofali, na wajenzi gani wale! Ukuta ulipinda kama mgongo wa ng'ombe mzee. Mchana walitaka kutembea, waone viboko wa mto Ruzizi, waone soko la Sange. Mama aliwasindikiza kote, kikapu kichwani.

"Mama, njia tunaijua," alilalamika Zuberi, mkubwa wao.

"Hata mbuzi wangu wanaijua, na bado nawasindikiza."

Kisha waasi wakaingia mji wetu wa Uvira. Ikabidi wanafunzi wakimbilie Burundi, lakini njiani, Kavimvira, vijana wa waasi, wenye mikuki, walikuwa wamefunga barabara. Walikuwa wamenyunyiziwa dawa ya kuzuia risasi, na mwiko wake Uvira nzima iliujua: wakiguswa na mwanamke, dawa inakufa.

Mama alitangulia, mikono yote miwili mbele.

"Wanangu, hata salamu hakuna? Leteni mikono!"

Wakaruka mtaroni kama vyura, mikuki na yote. Wanafunzi wakapita.

Mpakani Zuberi aligeuka, machozi yakimtoka.

"Na wewe, mama, nani atakusindikiza kurudi?"

Mama akacheka, akaweka kikapu chake vizuri kichwani.

"Miye niko na mikono yangu."