Sato Katika Lambo la Ng'ombe

Msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombea pamba Bariadi, mimi nilikuwa nagombea lambo la kunyweshea ng'ombe. Mama mkwe aliniruhusu kufuga sato humo mpaka shemeji yangu arudishe ng'ombe kutoka malishoni Lingeka. Ng'ombe wakiingia hulivuruga tope, na samaki hawaponi.

Sato hawakukua. Kila asubuhi nilizunguka ukingo, nikiinama, nikisimama, nikizunguka tena. Siku moja niliwakuta wakihema juu ya maji yanayonuka. Mama mkwe alikuwa pale na ndoo ya mashudu ya pamba.

"Mayu," nilimwita mama kwa Kisukuma, "unawapa mashudu matupu?"

"Ng'ombe wangu walinenepa kwa hayo. Hawa ni akina nani mpaka wachague?"

Nilicheka. Nikamweleza taratibu: ng'ombe ana tumbo kubwa linaloweza mengi, samaki hawezi, na mashudu yakizidi yana sumu inayomdumaza. Anahitaji kitu chenye asili ya nyama ili ajenge mwili, na pumba za kumpa nguvu. Tena mabonge yasiyoliwa huzama, yakaoza na kumaliza hewa majini.

Tuliacha kulisha mpaka maji yakaacha kunuka. Kisha tukaagiza dagaa wa Lamadi, wale wa bei ya chini waliochanganyika na uduvi. Tukawatwanga pamoja na pumba za mpunga na mashudu kidogo, tukakanda kwa uji mzito wa muhogo ili chakula kisimeguke upesi majini, tukaanika vipande vidogo.

Mama mkwe alionja. "Umesahau chumvi," akasema.

Sato wakaanza kujaa. Lakini mvua ilikatika mapema, malisho yakakauka, nikawa nasikia kengele za ng'ombe hata pasipo na ng'ombe. Mchana mmoja zikalia kweli.

"Shemeji, toa samaki wako," shemeji alipaza sauti, kundi lenye kiu likimsukuma. "Wenye maji tumefika!"

Mama mkwe alisogea ukingoni. Alirusha konzi ya chakula. Maji yakachemka kwa migongo ya samaki.

"Hawa bado kidogo," akasema. "Ng'ombe watanywea ndoo."

"Kundi lote hili, mayu?"

"Una mikono miwili. Shemeji yako naye ana miwili."

Tulichota mpaka jua likazama. Kila ndoo niliichungulia kwanza, nisije nikamnywesha ng'ombe sato wangu.