Nilimwonea Mungu Wivu

Jumamosi ile nilikuwa napukuchua mahindi uani, na Samweli, mume wangu, alikuwa anaziba pancha ya baiskeli. Tuliishi upande wa Handeni, katika kijiji cha wakulima kilichopakana na malisho ya Wamaasai. Mimi ni Mshambaa wa Bungu, kule juu kwenye baridi na migomba. Nyika ile niliishukia kwa sababu yake. Yeye alikuwa Mzigua, mwinjilisti wa kanisa letu dogo la mabati.

"Leo ungebaki," nilimwambia. "Mtoto hajakuona tangu juzi."

"Nitawahi kurudi, Mama Upendo. Kule kwenye boma la Wamaasai kuna wagonjwa wanasubiri maombi."

Kila siku kulikuwa na watu wanaosubiri. Wenzangu kisimani walilalamikia vimada wa waume zao. Mimi ningemlalamikia nani? Mwanamke utamfuata, utamvua kilemba mbele za watu, roho itatulia. Mungu unamfuata wapi? Alfajiri Samweli alipiga magoti kando ya kitanda, nami nikajifanya nimelala, nikisikiliza mume wangu akimweleza mwingine mambo ambayo mimi hakuwahi kuniambia.

Ukame wa mwaka ule ndio ulioleta vita. Ng'ombe waliingia kwenye mahindi, mkulima mmoja akapigwa rungu hadi akapoteza jicho. Baada ya muda kijana wa Kimaasai akaokotwa kando ya lambo la kunyweshea ng'ombe, amekufa. Hapo tena hakuna aliyeuliza nani alianza. Watu waliokuwa wakikaa benchi moja kanisani walianza kunoa mapanga na mikuki. Redioni waliita mgogoro. Mimi niliona nyumba ya jirani ikiteketea, uji ukiwa bado unachemka jikoni, na siwezi kuita hivyo.

Samweli aliendelea kwenda pande zote mbili kuomba na watu. Wakulima wenzetu wakaacha kuitikia salamu zangu.

Wapiganaji wa Kimaasai walikuja asubuhi, jua limeshapanda.

Nilisikia filimbi, kisha mayowe upande wa kanisani. Nikamfunga Upendo mgongoni.

Tulikimbia hadi kwenye korongo, sote watatu. Hapo Samweli akasimama.

"Vijana wetu wameshatoka kwenda kuchoma boma," alisema. "Wanaume wa kule wako huku. Wamebaki akina mama na watoto tu."

"Na sisi je?"

"Hapa mmejificha vizuri."

Nilimkamata shati. "Samweli, mara hii moja tu, nichague mimi."

Alinitazama. Nilidhani atabaki.

Akaitoa mikono yangu taratibu, akaweka kiganja juu ya kichwa cha Upendo, akaomba kwa ufupi, akaenda.

Sikulia. Hasira yangu ilizidi hata woga.

Polisi walipofika, sisi tulionusurika tulipakiwa kwenye lori hadi Korogwe. Nilikwenda kwa dada yangu aliyeishi kijiji cha Kerenge, na huko ndiko walikoniletea mwili wa Samweli. Siku ya mazishi walikuja wanawake wa Kimaasai, wamevaa mashuka yao, wamesimama mbali kidogo na watu. Mmoja, Nasieku, wa umri wangu, alinifuata nilipokaa mkekani.

Alinieleza yote. Samweli alisimama kwenye lango la boma, akawaita vijana wa kijijini kwetu kwa majina, mmoja mmoja, kwa Kizigua. Wengine waliinamisha vichwa, wakarudi. Mmoja hakurudi. Wakati Samweli akibishana naye, wanawake walipenya nyuma ya ua wa miiba wakatoroka na watoto wao. Nasieku alisikia kimya, akarudi, akamkuta Samweli chini na jeraha la panga.

"Hakufa upesi," alisema. "Nilimpakata."

Kulikuwa na jambo moja tu nililotaka kulijua.

"Alinitaja?"

Angeweza kunidanganya. Hadi leo sijui kama ningemshukuru.

"Hapana, Mama Upendo. Alikuwa anaongea na Mungu wake. Jina lako ningelitambua."

Nilimtazama mapajani, pale kichwa cha Samweli kilipolala, nikamwonea wivu mwanamke ambaye hakunikosea kitu.

Miaka imepita. Ninalima hapa hapa Kerenge, na Upendo ni mtu mzima. Watoto wa lile boma nao wamekua, wengine wameoa. Nikiwafikiria siwezi kusema Samweli hakupaswa kwenda. Kanisani sijaacha kwenda, na maombi yangu ni ya kweli. Ila kila mchungaji mgeni anapohubiri habari za Samweli, akasema mtumishi huyu alimpa Mungu vyote alivyokuwa navyo, watu huitikia amina, nami huitikia. Kisha huwaza kwamba ndani ya hivyo vyote tulikuwemo mimi na mwanangu, na hakuna aliyetuuliza.