Wimbo Nilioukataa Lidcombe

Nilizaliwa Mombasa, juu ya duka la vitambaa la baba, na nikiwa bado msichana nikapelekwa Bombay kwa shangazi. Huko nikawa mwimbaji wa filamu. Mimi niliimba studio, mwigizaji akachezesha midomo mbele ya kamera, na watazamaji wakapenda sauti "yake". Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni mtunzi mmoja maarufu aliyekuwa na tabia ya kujifungia chumbani na wasichana. Aliponijaribu nilimpiga kofi, kisha nikamtaja hadharani. Kazi zikakatika. Wanawake wengine wakaanza kunijia na yaliyowapata, nami nikawa naongozana nao polisi na mahakamani, huku nikiimba kwenye harusi ili nile.

Korona ilinikuta Sydney, kwa binti yangu anayeishi mtaa wa Lidcombe. Nilikuja kumlea mjukuu, mipaka ikafungwa, nikakwama.

Mchana mmoja mtayarishaji wa filamu akanipigia kutoka Mumbai, ile Bombay ya zamani. Alitaka sauti ya mwanamke mzee kwa wimbo wa mwisho. Ningerekodi hapo hapo nyumbani.

"Mtunzi ni nani?" nikauliza.

Alikuwa yule yule. Na palikuwa na sharti: nifute niliyoandika mtandaoni kumtetea mwimbaji kijana aliyekuwa amemshtaki.

"Mzee anaumwa," akasema. "Mwonee huruma."

"Alipokuwa na afya yake, nani alimwonea huruma yule binti?" Nikakata simu.

Binti yangu, nesi, alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu. Alisikia yote. "Mama, ni wimbo tu. Umeungoja nusu ya maisha yako."

"Niliungoja wimbo. Sikumngoja yeye."

Akaenda kuoga.

Nikampigia yule mwimbaji. Alikuwa akilia hata kabla sijamsalimu. "Anti, wameniambia umekubali. Wanasema umeshafuta kila kitu. Kesho naondoa mashtaka."

Hasira iliyonipanda siku hiyo sijawahi kuwa nayo hata ujanani. "Sijafuta hata nukta," nikamwambia. "Usiondoe chochote. Niandike mimi shahidi."

Chama cha wasanii kilisikiliza shauri lake kwa video, kwa sababu ya korona. Siku hiyo nilivaa sari ya hariri na dhahabu zangu zote. Nilipotoka kuanua nguo, jirani yetu Mrundi, mama anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee, alikuwa akikata nyasi, akaniona kwa juu ya uzio.

"Mama, umependeza hivyo unaenda wapi na kila kitu kimefungwa?"

"Siendi popote. Leo nasema."

"Basi useme kwa nguvu," akajibu, akazima mashine yake ya kukatia nyasi ili kelele zisiniingilie.

Wakili wa mtunzi aliniuliza kwa nini nimenyamaza miaka yote ile. Nikasogea hadi uso wangu ukajaa skrini nzima. "Sikunyamaza. Nilisema, nanyi mkaninyima kazi. Nikirudia sasa, mtaninyima nini?" Binti yangu alikaa sakafuni pembeni, nje ya kamera, ameshika mguu wangu.

Mtunzi alifukuzwa chamani na filamu ikatafuta mtunzi mwingine. Mimi hawakunirudia, na wimbo akapewa mtu mwingine. Niliusikiliza jikoni nikikaanga vitunguu. Aliuimba vizuri, isipokuwa pumzi ilimkatikia kwenye ubeti wa pili, mahali ambapo mimi isingenikatikia.