Mama Tope na Chungu cha Chuma

Kiwandani humwita Mama Tope. Hupulizia tope la kuzuia moto ndani ya vyungu vya kubebea chuma kilichoyeyuka, sikio kalitega: tope likishika husikika pwaa, likidunda huchakacha, naye hulibandua lote hapo. Leo limechakacha upande mmoja wa chungu. Shemeji yake, mwendesha winchi ya kuinua vyungu, akapaza sauti kutoka juu:

“Shemeji, chuma kinasubiri!”

“Kisubiri. Kikitoboa chungu hakitauliza nani alikuwa na haraka.”

Akabandua, akapulizia upya. Chuma kilipomiminwa, wafanyakazi wote walirudi nyuma. Yeye alisimama upande ule ule alioukarabati, kakipa chungu mgongo, akivua glavu kidole kwa kidole. Kule juu shemeji akatunisha kifua, akasema kwenye redio ya upepo bila kuulizwa: “Yule ni wa kwetu.”