Chakula cha Tuliowashitaki

Parseli yetu, kiwanja chetu cha Kalemie, iliuzwa na kundi zima: mpimaji wa viwanja, watu wa biro ya ardhi, majirani, na mdogo wake marehemu Papa, baba yetu. Kila mmoja alitia mkono wake kwenye karatasi za uongo. Mama, aliyekuwa mjane, aliwashitaki wote pamoja. Tukashindwa, tukakata rufaa.

Kabla rufaa haijasikilizwa, yule mdogo wake Papa akafa. Kwetu, mke wa kaka mkubwa ndiye anayeongoza jiko la kilio. Nilimkataza Mama, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Alifunga kitambaa chake kichwani akaenda. Akasonga ugali, akapika ndagala, dagaa wa ziwani, akawagawia wote waliokaa chini ya turubai, na wale wezi wakiwamo.

Mahakamani avoka wao, wakili wa wale wezi, alisema mambo yalikwisha kifamilia. Nani, aliuliza, anawapikia watu waliomwibia? Jaji akamgeukia Mama.

"Mama, ni kweli uliwapikia?"

"Njo kweli, Papa Jaji. Walikuja kwa kilio chetu."

Rufaa yetu ikatupwa. Mpaka leo sijui ni sheria gani inayogeuza sahani ya ugali kuwa ushahidi.

Mwaka huu Mama alikufa. Kilio tulikiweka kwenye nyumba ya kupanga. Mimi, niliyewatukana watu wale miaka yote, nilipika na sehemu yao. Nikaifunika, nikaangalia njia mpaka ikapoa. Hakuja hata mmoja.