Miaka Ishirini na Moja Nikimkimbia Mkwe

Nakumbuka mwaka 2011, msimu wa kuchuma kahawa, nikiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Usicheke, mwanangu: kwa mwanachuo wa mwaka wa tatu huo nao ni ujana, na ujinga wangu ulikuwa wa ujana hasa.

Kila ujapo kwangu hapa Tunduma husimama sebuleni ukivisoma vyeti vyangu ukutani: kidato cha nne, nilichokifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea nikiwa na watoto watatu, ualimu, kisha shahada ya Kiswahili na isimu. Vyote ni halali, na tarehe zake nazitaja bila kutazama. Ila hicho cha mwisho nusura kiniponyoke kwa sababu ya kuku mmoja niliyekataa kumpeleka.

Niliolewa Ikinga mwaka 1990, kwa Wandali. Huko mke hamkaribii baba wa mumewe. Akimwona njiani, huingia majanini, akajitanda khanga hadi mzee apite. Hamsemeshi, wala hataji jina lake. Hata hivyo, njia ya kuuondoa mwiko huo kwetu ilikuwapo: mke hupeleka kuku, akapiga magoti mbele ya wazee, nao wakamruhusu. Mimi nikajiambia kwamba msomi mzima hapigi magoti na kuku mkononi.

Utafiti wangu ulitaka ngano kumi za Kindali kutoka kinywani mwa mzee, na kwa kusimulia hakuna aliyemfikia mkwe wangu. Nikaandika jina lake kwenye fomu ya chuo, na chini yake, kwa mwandiko wa kujivunia: "Mimi ni mkwewe. Tunaonana kila siku." Ngano zenyewe nikazichukua kwa mume wangu, Baba Tumaini, Mungu amrehemu, aliyezisimulia jikoni akisubiri ugali.

Mhadhiri wangu akapiga simu. "Mwalimu, mbona ngano zote kumi zinaishia kwenye nyama? Hata ya kobe!"

"Ndivyo wasimuliavyo wazee wetu," nilijibu.

"Basi nakuja kumsikia mwenyewe. Pasipo mzee, utafiti huu naufuta, na mwaka utaurudia."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia uani kwa mkwe, Jumatano tarehe 6 Julai. Mhadhiri aliketi na Baba Tumaini, nami nikasimama kando kama mwenyeji. Mara mzee akatoka ndani. Mwanangu, usomi haukuizuia miguu: nilijikuta chini ya chanja ya kuanikia kahawa, khanga kichwani.

"Mwalimu, umeangusha kitu?" mhadhiri aliuliza.

"Mwambie mgeni," mzee alimwagiza mwanawe, "huyo hajaangusha kitu. Ameniona mimi."

"Lakini ameandika mnaonana kila siku!"

"Ni kweli. Mimi namwona kisogo, yeye anaviona viatu vyangu. Mwaka wa ishirini na moja huu."

Mhadhiri akamsomea ngano ya kobe. Mzee alicheka hadi akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Hiyo si ngano. Hiyo ni njaa ya huyu mwanangu!"

Baba Tumaini akaanza kukagua mibuni kwa bidii ambayo sijapata kuiona tena.

Kisha mzee akapaza sauti inifikie nilipo. "Mwambieni msomi wetu, nyumba yangu ina mlango. Kwa nini apitie dirishani kuiba ambacho angepewa? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Leo ameinama, ila si mvunguni penyewe."

Mhadhiri akanipa wiki mbili za kuanza upya.

Sikiliza, mwanangu. Elimu haimwondolei mtu wajibu wa kubisha hodi. Ukiyataka maarifa ya mtu, mwombe mwenyewe, kwa desturi yake, na usiandike jina lake juu ya maneno asiyoyasema. Magoti hayapunguzi kimo cha msomi.

Jumamosi, tarehe 16 Julai 2011, saa nne asubuhi, nilipiga magoti mbele ya wazee watatu, kuku mweupe mkononi. Wakampokea, wakatangaza kwamba mwiko umeondoka. Mkwe wangu akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, nami nikangoja busara iliyohifadhiwa miaka ishirini na moja.

"Mkwe," alisema, "kuku huyu amekonda."

Kisha akaniwekea mkono kichwani: "Kalamu yako isikauke, na kila neno ulichukualo liwe umepewa." Baraka hiyo nakuwekea nawe, mwanangu, kama nilivyowekewa.

Mzee akakohoa, akaanza ngano ya kobe. Haikuwa na nyama hata kidogo.